Data kuwa salama hakutoshi mtandao wa serikali ukikwama

HATA mwezi haukuwa umetimia tangu Rais William Ruto azindue zaidi ya huduma 5,000 za serikali kwenye eCitizen, Juni 30, 2023, mtandao huo ulipolemewa. Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Bw Eliud Owalo, aliwahakikishia Wakenya kwamba hakuna data iliyopotea.

Hilo halikumfaa msafiri aliyekosa viza. Kundi lililojiita Anonymous Sudan halikuhitaji kuvunja mlango. Lilirundika maombi bandia mlangoni hadi wenye haja ya kweli wakakosa pa kupitia.

Tatizo kwa mafundi ni kwamba dalili hufanana. Seva inaweza kuzidiwa na wavamizi, na wananchi halali wanaokimbizana na makataa ya ushuru Juni 30, au na hifadhidata iliyopangwa ovyo, ambapo ombi moja hupekua mamilioni ya rekodi huku mengine yakisubiri. Wavamizi huchujwa kabla ya kuifikia seva. Umati wa halali huhitaji mashine zaidi. Hifadhidata mbovu, aghalabu, haiponi kwa mashine mpya hata zikiwa mia. Ndiposa kununua seva kabla ya kusoma rekodi zake ni kufuja fedha za umma.

Mkasa huo ulipotokea, serikali ilisema wageni wangepewa viza wakiwasili nchini. Huduma nyingi kati ya zile 5,000 zinahitaji njia ya dharura kama hiyo, tena iliyoandaliwa mapema.