Dole gumba la mama wa Kabambare

Nina sekreteria ndogo hapa Kasongo, Kongo: kompyuta moja, printa moja, na paneli ya jua inayoniamulia saa za kazi. Wateja huja kuchapisha barua za posa, maombi ya shule na, siku hizi, karatasi za rufaa za ndugu zao waliokimbia.

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Kabambare, magoti yamejaa tope la pikipiki. Mdogo wake alikimbia mapigano ya Salamabila akaomba hifadhi nchi jirani. Maofisa wa huko wakamkatalia; hawakuamini kwamba nyumba yao ilichomwa. Kwa rufaa, shahidi ni huyu dada yake. Alisimulia, nikaandika, nikamsomea mara mbili. Hajui kuandika, basi akachovya dole gumba kwenye kidau cha muhuri, akalibandika chini ya ukurasa, akalifutia kwenye kitenge. Nikampiga picha ameishika karatasi kando ya uso wake. Mtandao uliporudi saa nne usiku, picha ikaenda.

Jibu likaja: picha haitoshi, leteni karatasi yenyewe.

Tuilete kwa njia gani? Zamani tulimpa msafiri bahasha hadi Kindu, ikapanda ndege hadi Goma, ikavuka mpaka. Lakini waasi wa M23 walikuwa wameshaingia Goma, Januari 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa. Siku za rufaa, zenyewe, hazingojei ndege: Uganda sheria inatoa siku 30, Ufaransa mwezi mmoja.

Sijui wino unathibitisha nini. Ofisa wa ng'ambo hana alama nyingine ya dole hilo ya kulinganisha. Kitambulisho chetu ni kadi ya mpiga kura, na nyingi za 2023 zimefifia hata sura haionekani. Si afadhali ampigie mama simu ya video, amuulize mlango wa nyumba ulitazama wapi?

Wanahofia udanganyifu. Upo; nimeshawafukuza watu waliotaka niandike moto ambao haukuwaka. Ila mwongo naye ana dole gumba.

Sheria ya dijitali ya Kongo ya Machi 2023 inatambua saini ya kielektroniki, na Uganda wana yao tangu 2011. Kwa nini basi siku picha ilipofika isihesabiwe kuwa siku ya kuwasilisha, karatasi ikafuata njia ikipatikana? Na wasidai muhuri wa shefu wa kijiji. Mama akienda kuuomba, jua halijachwa sokoni wote watajua mdogo wake amejificha nchi gani, na waliomfukuza hununua chumvi soko hilohilo.

Karatasi bado ninayo, ndani ya plastiki isiingie unyevu. Mama akipanda kilimani kutafuta mtandao hunipigia.

"Papa, dole yangu imefika?"