Nukta nyekundu haivuki mpaka kama gunia la mahindi

Kuanzia Mukuju hadi Malaba na Busia, mfanyabiashara anayerudi jioni na fedha za mauzo anaijua hofu ambayo haimo katika hotuba za mtangamano. Nafaka nyingi bado hununuliwa kwa fedha taslimu, na giza huingia kabla hesabu hazijakwisha. Ndiyo maana suala la ulinzi halikosi kuzungumzwa: nani aajiri mlinzi mwenye bunduki, nani aombe leseni ya silaha yake mwenyewe, na kwa aliyekwisha kuipata leseni, ni kifaa gani cha kulengea shabaha kifungwe juu ya silaha hiyo.

Kifaa kinachosifiwa zaidi ni kile cha nukta nyekundu. Ni kioo kidogo kinachomwonyesha mpiga shabaha nukta ya mwanga pale anapolenga, bila kumlazimisha kufumba jicho moja. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilianza kuuza vifaa vya kielektroniki vya aina hii mwaka 1975. Leo ziko aina kuu tatu. Ya kwanza hutumia taa ndogo inayoakisiwa na kioo. Ni nyepesi, na betri yake inaweza kudumu maelfu ya saa. Ya pili hutumia mwanga wa leza na picha iliyohifadhiwa ndani ya kioo. Ni ghali zaidi na hula betri haraka. Ya tatu ina alama iliyochongwa kwenye kioo chenyewe, hivyo huendelea kuonekana hata betri ikifa, na huwafaa wengi ambao macho yao huiona nukta ya mwanga kama imetapakaa.

Bei kubwa nayo si dhamana. Mwaka 2015 kampuni mama ya EOTech, mtengenezaji wa vifaa vya leza, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 baada ya kudaiwa kwamba ilijua vifaa vyake hupoteza shabaha katika joto na baridi kali, ikanyamaza. Ikiwa jeshi kubwa kiasi hicho liliuziwa kitu chenye kasoro, mwenye ghala la mahindi hana sababu ya kuamini kila kinachoandikwa kwenye boksi.

Kwa mlinzi wa duka au ghala, ubishi huu wa aina una faida ndogo. Umbali wa uani ni hatua chache tu. Nukta haimwambii mlinzi kama anayeruka ukuta ni mwizi au ni mtoto wa jirani. Hilo huonyeshwa na taa, na huamuliwa na mafunzo. Mwenye leseni akiwa na fedha za kitu kimoja tu, heri anunue taa nzuri na siku za mazoezi kabla ya kioo. Akibaki na akiba, basi achague aina rahisi yenye betri ya kudumu, inayopatikana kwa muuzaji aliyeidhinishwa katika nchi yake, na yenye risiti.

Neno hilo, katika nchi yake, ndilo zito kuliko yote. Mfanyabiashara wa mpakani amezoea kwamba kinachokosekana upande mmoja hununuliwa upande wa pili. Kwa mchele, maharage na nguo ni haki yake: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kilijengwa kwa ajili ya biashara hiyo.

Silaha ziko nje ya mlango huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya forodha miongoni mwa bidhaa zenye masharti, zisizoingia bila kibali. Hapa ndipo kioo kidogo kinapoleta utata. Kikisafiri peke yake, forodha hukihesabu katika Sura ya 90, pamoja na darubini na vyombo vingine vya macho. Kikifungwa juu ya bunduki, au kikiletwa pamoja na bunduki yake, huhamia Sura ya 93. Kitu ni kilekile, lakini jina lake forodhani si lile.

Asidanganyike mtu kwamba Sura ya 90 ni njia ya mkato. Askari anayekikuta kifaa hicho chini ya magunia atauliza bunduki iko wapi, na swali hilo halijibiwi kwa cheti cha uasili. Kuingiza bidhaa yenye masharti bila kibali kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5, na gari lililobeba linaweza kutaifishwa. Mama wa rejareja aliyekubali kumvushia mtu bahasha kwa nauli ya bodaboda anaweza kupoteza mtaji wote kwa mzigo ambao hata jina lake halijui. Mzigo usiofunguliwa mbele ya mbebaji haufai kubebwa.

Leseni nayo haivuki. Iliyotolewa Kampala haimruhusu mtu kutembea na silaha Busia ya Kenya, na ya Nairobi haina nguvu Tororo. Hata ulinzi wenyewe unatofautiana: Uganda, walinzi wa kampuni binafsi wenye bunduki ni jambo la kawaida, ilhali Kenya sheria ya mwaka 2016 ya kusimamia ulinzi binafsi inawazuia kutumia silaha za moto kazini. Mwenye maduka pande zote mbili hawezi kuhamisha mlinzi kama anavyohamisha karani.

Tofauti hizo si uonevu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyosainiwa na Kenya, Uganda na nchi jirani, ilizaliwa kwa sababu bunduki haramu zilikuwa zikivuka mipaka. Kudai silaha zipite kirahisi ni kuurudisha ukanda huu ulikotoka.

Kinachostahili kudaiwa ni kingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki na mamlaka za mapato zibandike kwenye vituo vya mpakani, kwa Kiswahili, orodha ya vifaa vya silaha na vibali vinavyotakiwa, ili mchuuzi asijifunzie mahakamani. Polisi wa pande zote mbili washirikiane kulinda barabara za masoko siku za mnada. Nao wafanyabiashara walipane kwa simu pale inapowezekana, kwa sababu mwizi hana haja ya kumvizia mtu asiyebeba fedha. Hatua hizo zitawalinda watu wengi wa Mukuju kuliko nukta yoyote nyekundu.