Fundi Ametoa Eabegi Kwenye Hesabu, na Nyinyi Mwapiga Makofi

Kuna aina ya video imejaa sana siku hizi. Gari imekunjika uso mzima, muziki unapanda, halafu pap! Gari hiyo hiyo yang'aa kama imeshushwa melini leo. Chini imeandikwa: bima waliifuta, mimi nikaifufua. Komenti zote moto, watu wauliza namba ya fundi. Sasa mimi leo nakuja kuharibu sherehe, kwa sababu sherehe yenyewe imebisha hodi kwetu Ukunda.

Ami yangu ana Probox. Anabeba wageni wa Diani, asubuhi uwanja wa ndege, jioni mahotelini, na wakati mwingine safari za mpaka Likoni. Usiku mmoja akitoka Msambweni akaingia nyuma ya trela la miwa lililosimama barabarani bila taa hata moja. Boneti ilikuja mpaka kwenye kioo. Eabegi zote mbili zikafunguka, mkanda ukamkaba. Ami akatoka na mbavu zinazouma na jino moja pungufu. Waliofika kuangalia gari walikuwa wakiuliza maiti imepelekwa wapi, na maiti mwenyewe amekaa kando ya barabara anatafuta kiatu.

Bima yake ni ile kubwa, si thadi pati. Asesa akaja, akapiga picha, akaandika. Gari imekatiwa bima ya shilingi 900,000. Kutengeneza: 520,000. Kampuni nyingi za hapa Kenya, gharama ikipita nusu ya thamani ya gari wanasema imekwisha, hawatengenezi. Kwa hivyo ami akapewa njia mbili. Achukue 900,000 yake, gari iende na bima. Au abaki na huo mkebe, nao wamkate thamani ya mkebe, 230,000, wampe 670,000. Kote kote anakatwa ile hela ya kwanza ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe, hiyo tuiweke kando.

Hapo ndipo akaingia fundi wa bodi. Akaizunguka gari mara mbili, akagonga mlango, akasema: "Mzee, hawa wanakuibia. Nipe laki mbili na themanini, wiki tatu, hutaijua."

Ami akaja kwangu na karatasi. "Mwanangu, wewe mtu wa simu, hebu niangalizie. Laki sita na sabini toa mbili na themanini, si nabaki na laki tatu na tisini mkononi? Na gari nnayo!"

Nyumba nzima ikachangamka. Mamangu alishaanza kupanga bati za jikoni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu sikuiacha huko. Nikauliza kitu kimoja tu. Asesa amesema 520,000, fundi amesema 280,000. Hiyo 240,000 katikati imeenda wapi? Kwa sababu kwenye video zenu jibu ni lile lile kila siku: bima ni wezi, fundi wetu ni jiniasi. Nikachukua ripoti ya asesa nikaweka kando ya karatasi ya fundi, mstari kwa mstari.

Eabegi mbili mpya: kwa asesa zipo, kwa fundi hazipo. Mikanda ya mbele: ipo, haipo. Kile kiboksi cha kompyuta kinachoamua eabegi ifunguke au isifunguke: kipo, hakipo. Kunyoosha bodi kwa mashine na kupima: ipo. Kwa fundi imeandikwa "kuvuta na kuchomelea". Taa, bampa, boneti, rangi: hapo wote wawili wanakubaliana, tena fundi rangi ameiandika kwa herufi kubwa.

Yani vitu vilivyomtoa ami hai chini ya trela ndivyo vilivyotolewa kwenye bei. Vyote. Kilichobaki ni vitu vya kupigia picha.

Wacha nieleze kidogo kwa wale wanaosema "chuma ni chuma". Hizi gari ndogo zetu, Probox, Vitz, Demio, Fielder, hazina chesisi ya kando kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Mbele imetengenezwa ijikunje kwa mpango, ili nguvu ya kugonga iishie kwenye mabati kabla ya kufika kwenye magoti yako. Ikishajikunja imemaliza kazi yake. Ukiivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwembe, ukaichomelea, ukapaka fila na rangi, inarudisha sura. Kujikunja tena kwa ule mpango, hilo hakuna wa kukuhakikishia. Na eabegi ni ya mara moja tu. Ikifunguka imekwisha, kama kiberiti.

"Basi tutanunua eabegi ya mtumba." Kutoka gari gani? Ya mwaka gani? Kampuni ya Takata ya Japani ilifilisika mwaka 2017 kwa sababu ya eabegi zake. Baruti iliyokuwa ndani iliharibika kwa kukaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, na zikifunguka zingine zilirusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Mamilioni ya gari yaliitwa kurudishwa, Toyota, Honda, na wengine wengi. Joto na unyevu, jamani. Sisi tunaishi wapi?

Sasa mtaniambia nina wivu, sina gari. Sawa. Lakini sijafika kwenye sehemu inayonichoma.

Mwaka jana mimi mwenyewe nilipiga video ya aina hiyo. Jamaa mmoja mwenye yadi alinipa elfu tano, nikazunguka Vitz nyeupe nikisema "safi kabisa, mwenyewe ni mama". Nilichoambiwa ndicho nilichosema, sikuuliza. Ikanunuliwa na mwalimu wa huku Msambweni, amechukua mkopo wa sacco. Miezi minne baadaye akanipigia. Gari ilikuwa na shida ya umeme, fundi wa umeme alipofungua dashibodi akakuta waya wa taa ya eabegi umeunganishwa na taa ya oili, ili ukiwasha gari iwake kidogo na kuzima kama kawaida. Kwenye usukani, nyuma ya kile kifuniko cha nembo, hamna kitu. Uwazi. Alikuwa akiwapeleka watoto wake shule kila asubuhi na ule uwazi mbele yake.

Nilikwenda kwake, akanionyesha logibuku. Neno hata moja hakuna la kusema gari hii ilishawahi kufutwa na bima. Video niliifuta siku hiyo, nikamrudishia ile elfu tano, akaniangalia tu. Mwenye yadi akasema mauzo yamekwisha.

Huko Uingereza, tangu Oktoba 2017 gari iliyofutwa na bima inapewa herufi. A ni ya kusagwa yote, B ni ya kutolewa vipuri tu, S imeumia kwenye mifupa yake, N imeumia kwingine. Ukiitengeneza S ukaiuza, mnunuzi anaweza kutafuta akaiona. Hata gari za mnada wa Japani huja na karatasi, na ikiwa na R au RA wewe mwenyewe waikimbia mbio. Yani gari ikigongwa Osaka twataka cheti, ikigongwa Kombani twataka rangi tu.

Na sisemi kila gari iliyofutwa ni sumu. Jirani yetu alikuwa na gari kuukuu ya 380,000, ikakwaruzwa na basi ubavu mzima. Milango miwili, kioo, taa, rangi, ikafika laki mbili, ikafutwa. Mifupa mizima, eabegi zimelala kwenye makazi yake. Hiyo chukua, tengeneza, endesha miaka kumi. Kwa hivyo kabla hujauliza bei ya kutengeneza, uliza nini kimevunjika.

Pia sisemi bima ni malaika. Wakikuthaminia gari yako chini, hapo ndipo pa kupigana: tafuta mthamini wa kwako, andika barua, peleka malalamiko kwa IRA, ndiyo kazi yao kuzisimamia hizo kampuni. Hilo ni tabu kweli kweli, na hakuna muziki wa kuliwekea. Lakini kumkomoa bima kwa kuendesha gari isiyo na eabegi, waliokomolewa ni abiria wako.

Turudi kwenye hesabu ya ami, maana alinikazia macho: "Sasa wewe wasema laki tatu na tisini ni mbaya?"

Nikamwambia, ami, siku utakapoiuza, mwambie mnunuzi ukweli wote. Iligonga trela, ikafutwa, haina eabegi, mikanda ni ile ile ya ajali. Atakupa ngapi? Akafikiria. "Akijitahidi sana, laki tano." Ongeza tatu na tisini: 890,000. Na bima wanakupa 900,000 leo bila kelele. Kwa hivyo ili upate faida, ni lazima unyamaze. Faida yote imekaa hapo kwenye kunyamaza. Na ukiitengeneza sawasawa kwa bei ya asesa, unabaki na laki moja na nusu na gari ambayo ukitaja historia yake hakuna wa kukupa bei ya zamani.

Akasema yeye hauzi, ataendesha mwenyewe. Mimi nikamuuliza abiria wa nyuma atawaambia nini. Hapo alinikasirikia, akaondoka, siku mbili hatukusalimiana vizuri. Mamangu naye alininunia kwa ajili ya bati zake.

Nasikia alirudi kwa fundi akamwambia aandike upya, na eabegi, na mikanda, na kile kiboksi. Fundi akaandika 490,000, akasema, "Lakini mzee, wateja wangu hawaweki hivyo vitu."

Ijumaa ami alitia sahihi gari iende. Kabla haijapandishwa kwenye lori akatoa tasbihi kwenye kioo, mikeka ya chini, na redio ambayo bima hawakuihesabu. Jana amenitumia picha ya Probox nyingine inayotoka Japani, kaandika: nitafsirie hii karatasi ya mnada, angalia kama ina R.