Kioo cha Kamchape kimerudi mikononi mwetu

 

Ndugu Waislamu, jina la Kamchape si geni Ufipa, juu Sumbawanga wala chini katika bonde la Rukwa kwenye vijiji kama Milepa. Hao ni watu waliopita vijijini mwaka 1963 na 1964 wakidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha kwa dawa. Roy Willis, mtafiti aliyekuwa akiishi Ufipa wakati huo, aliandika habari zao mwaka 1968. Watangulizi wao, Mchape wa miaka ya 1930 huko Zambia ya leo, waliwapanga wanakijiji mstari, wakapita mmoja mmoja nyuma ya mganga, naye akiwatazama katika kioo kidogo. Kioo kikimtaja mtu, basi kijiji kizima kimemhukumu.

Mganga yule hakuwa na askari wala jela. Alitiiwa kwa sababu aliyekataa kupita kwenye kioo alijitia mwenyewe katika shaka, na jirani zake ndio waliokuwa wa kwanza kumnyooshea kidole. Mfaransa Michel Foucault, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya magereza, alieleza kuwa mfungwa asiyejua ni saa ngapi anatazamwa hujilinda mwenyewe, hata mlinzi akiwa amelala. Wasomi huliita hilo jambo la zama hizi. Mfipa aliyesimama mstarini angeshangaa kusikia hivyo.

Dola nayo ina macho yake. Miaka ya 1960 TANU iliweka balozi wa nyumba kumi kumi. Mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa. Hayo yana sheria zake na wa kuulizwa. Jicho ninalolihofia zaidi ni letu wenyewe, lisilo na wa kuulizwa.

Leo binti akionekana njiani na kijana, picha hupigwa kabla salamu haijatolewa. Adhuhuri imo katika kundi la simu la familia, alasiri imefika kundi la msikiti, na magharibi baba yake anaona haya kusimama safuni. Huenda kijana yule ni kaka yake wa mama mwingine! Anayeuliza, "Ushahidi uko wapi?" huambiwa anatetea maovu. Ni mstari uleule, na kioo kilekile.

Na tunaiita kazi hiyo kuamrisha mema. Hapa sikubaliani na baadhi ya wazee wangu, pamoja na heshima niliyonayo kwao. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, Allah (S.W.) amekataza dhana mbaya, upelelezi na usengenyaji kwa pamoja, kana kwamba kimoja huzaa kingine. Abu Daud amepokea kutoka kwa Muawiya (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alionya kwamba anayefuatilia aibu za watu huwaharibu. Na imesimuliwa kuwa Khalifa Umar (R.A.) alipanda ukuta wa nyumba usiku, akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, umepitia ukutani, umeingia bila idhini. Umar, mwenye dola nzima mkononi, akamwacha akaondoka.

Mtaniuliza, je, mwizi na anayepiga mkewe wafichiwe? Hapana. Aliyedhulumiwa apelekwe penye haki, kwa mashahidi, na mtuhumiwa asikilizwe. Mzazi naye ni mchunga. Amwite mwanawe chumbani amuulize kwa upole, asiisome simu yake akiwa amelala.

Ama wale wanaosimamia makundi ya simu ya misikiti yetu, wanayo mamlaka ya kuifuta picha ya mtu kabla ya kusambaa. Ijumaa hii waanze na zilizomo tayari.