Maarifa ya Nyumbani: Kamera ya Kompyuta Inapokataa Kuona

Mpaka wa Gisenyi na Goma una milango miwili mashuhuri. Petite Barrière ni mlango wa watembea kwa miguu, wengi wao akina mama wachuuzi wenye mizigo kichwani. Grande Barrière, iliyo karibu na ufuko wa Ziwa Kivu, ndiyo inayopitiwa na magari na wasafiri wa mbali. Msafiri aliyezuiliwa hapo hatangazi kwamba safari imekufa. Huuliza kwanza ni dirisha gani lililomrudisha: la pasi, la forodha, au la afya ambako ameombwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano? Akilijua dirisha, nusu ya shida imekwisha.

Kamera iliyojengwa ndani ya kompyuta ya mkononi yafaa ishughulikiwe kwa utaratibu huo huo. Picha inayotoka katika tundu lile dogo juu ya kioo hupita vizuizi kadhaa kabla ya kumfikia mtu wa upande wa pili: kifuniko, kitufe, ruhusa, programu, waya. Kila kizuizi kina ufunguo wake, na kamera iliyokufa kweli kweli ni nadra kuliko kamera iliyofungwa na mtu kisha akasahau. Hata hivyo wako wengi wanaobeba mashine mbio kwa fundi, wakalipa fedha, na dawa yake ilikuwa kusukuma kidude kimoja kwa ukucha.

Jambo hili si la mchezo kwa nyumba za mpakani. Mwezi wa Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, isipokuwa kwa malori ya mizigo, jamaa waliozoea kutembeleana kwa miguu baina ya miji hii miwili walibaki kuonana katika vioo vya simu na kompyuta. Nyumba za askari zilikuwa zimekwisha kuyajua hayo. Wanajeshi na polisi wa Rwanda hupelekwa kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini; wanajeshi wa Tanzania nao walifika Goma mwaka 2013 katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mtoto aliyezaliwa baba akiwa kazini mbali humjua baba yake kwanza kwa kioo. Siku kamera ikigoma, mama huisikia sauti ya mumewe ikiuliza, "Mbona siwaoni?", wala hana la kujibu, na saa ya ruhusa ya askari inakwisha.

Chukuliwe mfano wa mama huyo. Kabla ya kubonyeza chochote, yampasa atazame namna kamera inavyogoma, maana kila ugonjwa una dalili yake. Ikiwa taa ndogo iliyo kando ya kamera inawaka, lakini picha ni nyeusi tititi, basi kamera ina umeme na inafanya kazi. Jicho lake tu ndilo limefunikwa. Ikiwa kompyuta inasema kwamba haioni kamera yoyote, na pengine kuandika namba 0xA00F4244, kosa laweza kuwa la kitufe, la programu ya kuiendesha kamera, au la waya. Ikiwa picha inaonekana katika programu moja na kukataa katika nyingine, kamera haina hatia hata kidogo. Na ikiwa picha huja na kutoweka kila kioo kinapoinuliwa au kulazwa, hapo waya ndio mgonjwa, na kubonyeza vitufe ni kupoteza wakati.

Kifuniko ndicho kizuizi cha kwanza. Kompyuta nyingi za ThinkPad zilizotengenezwa tangu 2018 zina kipande chembamba cha kutelezesha mbele ya jicho la kamera, na kikifungwa huonyesha alama nyekundu ndogo ambayo mtu mwenye haraka haioni. Kompyuta nyingine, za HP na Lenovo miongoni mwake, zina swichi ubavuni au kitufe chenye mchoro wa kamera iliyokatwa mstari, katika safu ya juu ya vitufe. Kitufe hicho kikibonyezwa, kamera hutoweka kabisa kama kwamba haikuwekwa kiwandani. Mtoto huweza kukigusa kwa mchezo, na hata kitambaa cha kufutia vumbi. Kibonyezwe tena, peke yake au pamoja na kile kilichoandikwa Fn, kisha itazamwe kama picha imerudi.

Wako pia wanaobandika plasta au karatasi juu ya kamera, na hasa watu wa ulinzi, kwa kuogopa kupelelezwa. Si woga wa kijinga. Mwaka 2016 James Comey, aliyekuwa mkuu wa FBI huko Marekani, alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe amebandika utepe juu ya kamera ya kompyuta yake. Na mwezi wa Juni mwaka huo huo picha ya Mark Zuckerberg ilionyesha nyuma yake kompyuta iliyobandikwa vivyo hivyo. Lakini vifuniko vya plastiki vinavyouzwa vina hasara yake. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwaonya wenye MacBook wasifunge kompyuta zao zikiwa na kifuniko kinene, kwani kioo chaweza kupasuka. Unene usizidi milimita 0.1, yaani karatasi ya kawaida. Gundi ya plasta nayo hubaki juu ya jicho na kunasa vumbi, na vumbi jeusi la mawe ya volkano katika barabara za Goma halina haja ya kukaribishwa. Kitambaa laini, kikavu, chatosha kulisafisha. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha isimiminwe hapo.

Kizuizi cha pili ni ruhusa, na hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta za mpakani zina lugha mbili: iliyonunuliwa Kigali aghalabu husema Kiingereza, iliyonunuliwa Goma aghalabu husema Kifaransa. Katika mashine ya Windows 11 mama atafungua mahali palipoandikwa Settings, au Paramètres kwa mashine ya Kifaransa; aingie Privacy & security, yaani Confidentialité et sécurité; kisha aende penye Camera au Caméra. Atakuta swichi ya juu inayoifunga kamera kwa mashine nzima, swichi ya kuziruhusu programu, orodha ya programu zenyewe moja moja, na chini yake swichi nyingine kwa programu za aina ya zamani. Mtu huwasha ile ya juu, akafurahi, akasahau ya chini. Katika MacBook mahali hapo ni System Settings, kisha Privacy & Security. Na kama mazungumzo yanafanywa ndani ya kivinjari cha intaneti, kivinjari nacho kina ruhusa yake ya pekee, ambayo huonyeshwa kwa alama ndogo kando ya anwani. Aliyewahi kubonyeza "Block" au "Bloquer" kwa bahati mbaya hataulizwa tena mpaka aibadilishe mwenyewe.

Zaidi ya hayo, mara nyingi kamera hutumikia bwana mmoja tu kwa wakati mmoja. Kijana wa nyumbani akiacha Zoom wazi baada ya masomo yake, WhatsApp ya mama itaambiwa kwamba kamera inatumika. Kuifunga dirisha hakutoshi siku zote. Njia fupi ni kuizima kompyuta na kuiwasha upya. Watu hulicheka shauri hili, nalo limeponya kamera nyingi kuliko mafundi. Programu za kukinga virusi nazo, baadhi yao, zina kinga ya kamera inayozuia kila mgeni bila kutangaza.

Ikiwa yote hayo yamefanywa na kompyuta bado haioni kamera, hutazamwa programu inayoifundisha mashine jinsi ya kusema na kamera, ambayo mafundi huiita draiva. Katika Windows hupatikana ndani ya Device Manager, au Gestionnaire de périphériques. Jina la kamera likiwa na alama ya mshale unaoelekea chini, maana yake imezimwa. Ibonyezwe kwa kitufe cha kulia na kuwashwa. Likiwa na alama ya mshangao, iondolewe, kompyuta izimwe na kuwashwa, nayo itaisakinisha upya yenyewe. Pengine kosa si la mwenye mashine kamwe. Mwezi wa Agosti 2016 sasisho kubwa la Windows 10 lilizifanya kamera nyingi duniani zisimame au kuganda, kwa sababu Microsoft ilikuwa imebadilisha namna programu zinavyopokea picha zilizobanwa. Marekebisho yalitolewa mwezi uliofuata. Kwa hiyo kamera ikigoma siku ile ile mashine ilipojisasisha, kwanza itafutwe draiva mpya katika ukurasa wa kampuni iliyotengeneza kompyuta.

Kizuizi cha mwisho ni waya, na huu ndio ugonjwa halisi. Kamera huunganishwa na mwili wa kompyuta kwa waya mwembamba unaopita katika bawaba ya kioo. Kila kompyuta inapofunguliwa na kufungwa, waya hujipinda. Kompyuta inayosafiri kila siku mgongoni juu ya pikipiki, ikibanwa na vitabu, na kuinuliwa kwa kona moja ya kioo, huuchosha waya huo mapema. Kufungua kioo kwa kukishika katikati, kwa mikono miwili, ni adabu inayofaa kufundishwa watoto. Lakini waya ukikatika, hapo fundi ana kazi ya haki, na mara nyingi kazi hiyo ni waya au kamera peke yake. Fundi anayetaka kubadilisha kioo kizima ilhali kioo chaonyesha vizuri aulizwe sababu.

Asiye na fedha ya fundi hajanyimwa uso wa jamaa yake. Kamera ndogo ya nje, inayochomekwa katika tundu la USB, hufanya kazi bila kufungua mashine. Simu pia yaweza kuwa jicho la kompyuta: tangu 2022 iPhone huweza kutumika kama kamera ya Mac, na Windows 11 nayo huruhusu simu za Android kufanya hivyo. Hapa mpakani lipo jambo moja la kuangaliwa. Simu iliyo karibu na Grande Barrière huweza kushika mnara wa upande wa pili, picha ikaanza kuganda na salio likaliwa kwa bei ya kigeni, na mwenyewe akailaumu kamera. Afadhali mtandao uchaguliwe kwa mkono, si kuachiwa simu ijichagulie.

Kuna lililo zito zaidi kwa mke wa askari au kwa askari mwenyewe. Kompyuta ya nyumba hiyo ina picha za watoto, namba za simu, pengine barua za kazi. Kuipeleka kwa fundi asiyejulikana, na kumwachia neno la siri lililoandikwa katika karatasi, ni kumkabidhi nyumba nzima kwa ajili ya tundu moja. Fundi wa waya na kamera hahitaji faili za mtu. Kabla ya kumpa mashine, zile muhimu zinakiliwe mahali pengine kisha ziondolewe, akaunti zifungwe, na neno la siri libadilishwe mashine ikirudi. Ikiwezekana kazi ifanywe mwenyewe akiwa ameketi hapo hapo, kwani kubadilisha kamera peke yake si kazi ya siku mbili. Kamera ya zamani iombwe irudishwe. Ni kipande chembamba, chenye urefu unaokaribia wa kidole, na fundi aliyeibadilisha kweli atakuwa nacho mkononi.