Staa, Bunduki ya Babu na Kiki ya Chupa Moja

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina linabaki kapuni, wiki hii katesa mitandaoni na klipu ya sekunde 20. Kavaa kofia ya pama, kashika bunduki ya kuwindia ya marehemu babu yake, Winchester Model 70 ya kabla ya 1964, juu imefungwa darubini ya zamani ya Weaver K4. Paa! Chupa inapasuka. Chini kaandika eti chuma bado kinapiga palepale, mwezi ujao yuko porini, kongoni wajiandae. Laiki kibao.

Jamani, hapo kajaribu nini?

Chupa ilikuwa umbali gani? Risasi zilizokosa ziko wapi? Mdau mmoja kauliza hayo kistaarabu kabisa, akapigwa bloku. Mwenye majibu hafukuzi maswali.

Bunduki yenyewe haina ubaya. Model 70 ilitoka 1936, na zile za kabla ya kiwanda kubadilisha muundo mwaka 1964 watu wanazigombania mpaka leo. Lakini aina kuwa na jina haimaanishi hiyo moja ya babu ni nzima. Mtutu unaweza kuwa na kutu ndani. Skrubu zinazoshika darubini zinalegea. Mbao ya kitako ikivuta unyevu inapinda na kusukuma mtutu pembeni. Darubini za zamani ndo kabisa: vioo vinaingia ukungu, na ukizungusha kifundo cha kurekebishia, alama ya msalaba inaweza kugoma, halafu ikaruka yenyewe baada ya risasi mbili tatu.

Ndo maana wanaojua hawapigi chupa. Kwanza fundi wa silaha anaikagua. Kisha kwenye uwanja wa shabaha bunduki inalazwa juu ya mifuko ya mchanga, wanaanza na karatasi mita 25, ndo wanasogea 100. Wanapiga tatu, wanaacha mtutu upoe, wanapiga tatu tena. Matundu yakikaa pamoja lakini pembeni, darubini inarekebishwa. Yakitawanyika, kuna ugonjwa, na utazungusha vifundo mpaka uchoke bila kupona. Siku nyingine wanarudi kupiga risasi moja mtutu ukiwa wa baridi, maana porini mnyama hupigwa na hiyo ya kwanza.

Mashabiki wanasema, "Muacheni, bunduki yake, hela yake." Sawa. Ila kongoni si chupa. Chupa ukiikosa inakungoja. Kongoni akipigwa tumboni anakimbia na maumivu yake, pengine mpaka usiku. Na anayetangulia vichakani kufuata damu si staa. Ni mfuata nyayo, baba wa watu, ambaye kwenye klipu hayupo na laiki hata moja hapati.

Kelele zilipozidi, staa kajibu kwamba ya kale ni dhahabu. Sawa bana, lakini hata dhahabu sonara huipima kwanza. Aweke hadharani karatasi yenye matundu sita na umbali aliopigia. Akishindwa, bunduki ya babu irudi kabatini, kufuli lifungwe, kofia abaki nayo.

Wadau, staa anaonewa au kapatikana? Shusheni maoni hapo chini.