Stroberi: Kinga ianzie shambani, si katika duka la dawa

MARUFUKU ya muguka iliyotangazwa na kaunti za Mombasa na Kilifi mnamo Mei 2024 iliwakumbusha wakulima wa Embu hatari ya kutegemea zao moja. Ingawa mahakama ilisimamisha marufuku hiyo, funzo lilibaki.

Kwa mkulima wa Karurumo mwenye robo ekari, stroberi ni miongoni mwa mazao yanayovutia kama mbadala. Huanza kuzaa miezi michache baada ya kupandwa, haihitaji shamba kubwa, na ina wanunuzi mijini.

Hata hivyo, yeyote anayedhani kwamba atailinda dhidi ya maradhi kwa bomba la dawa pekee anajidanganya.

Sababu ni bayana. Stroberi haiivi kwa mkupuo. Maua, matunda mabichi na yaliyoiva hukaa pamoja kwenye mmea mmoja, na mchumaji hana budi kurudi kila baada ya siku mbili au tatu.

Kwa upande mwingine, dawa huwa na idadi ya siku ambazo mkulima anapaswa kungoja baada ya kunyunyiza ndipo avune. Kuna za siku moja, za siku saba na hata za siku 14.

Hapo ndipo penye utata. Aliyenyunyiza dawa ya siku saba ama atupe mavuno ya juma zima, ama amuuzie mlaji sumu. Ikumbukwe kuwa tunda hili halimenywi wala halipikwi. Huliwa bichi, aghalabu na watoto.

Adui mkuu ni ukungu wa kijivu. Huingia kupitia ua wakati wa unyevu, ukajificha, kisha ukajitokeza tunda likikaribia kuiva. Mkulima anayekimbilia dukani baada ya kuona manyoya ya kijivu amekwisha kuchelewa. Isitoshe, ukungu huu huzoea dawa upesi iwapo ni ile ile inayorudiwa.

Kinga basi huanza kabla ya kupanda. Miche itoke kwa mimea isiyo na maradhi, wala si kwa jirani yeyote anayegawa machipukizi. Shamba lisiwe lilikuwa na nyanya, viazi au pilipili hivi karibuni, kwani vimelea vya mnyauko hubaki udongoni.

Matuta yainuliwe ili maji yasituame, na miche ipewe nafasi ya takriban sentimita 30 ili hewa ipite. Matandazo ya nyasi kavu au plastiki nyeusi huzuia tunda lisiguse udongo. Maji ya matone ni bora kuliko ya kurushiwa majani. Majani makuukuu na matunda yaliyooza yaondolewe kila wakati wa kuchuma, yafukiwe mbali.

Swali ni je, nani atamweleza mkulima haya? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la huduma za kilimo. Lakini maafisa wa nyanjani ni wachache, na katika vijiji vingi mshauri aliyebaki ni muuza dawa, ambaye riziki yake hutegemea chupa anazouza.

Kenya imewahi kuonja uchungu wa kupuuza suala hili. Mnamo Januari 2013, Umoja wa Ulaya ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere kutoka humu nchini baada ya kupata mabaki ya dawa kupita kiwango. Gharama ilimwangukia mkulima mdogo, ambaye hakuwa na uwezo wa kutimiza masharti mapya.

Mlaji wa Runyenjes au Nairobi naye anastahili ulinzi kama ule wa mlaji wa London. Serikali ya Kaunti ya Embu inafaa kuwapeleka maafisa wake mashambani kabla ya mvua za Machi na Oktoba, ukungu ungali haujaingia mauani. Nayo Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, PCPB, ihakikishe kwamba siku za kungoja zinaelezwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika stroberi, ufa huo huzibwa kwa jembe, matandazo na mkono unaookota tunda bovu mapema. Dawa iwe kimbilio la mwisho.